Dawa Baridi Nayo Ni Dawa

Mazungumzo na wananchi wa Bariadi kuhusu dawa za kulainisha makohozi na kuzibua pua



Tunajua kwamba huu ni msimu wa kuchuma pamba, na saa moja ya mkulima ina thamani yake. Kwa hiyo hatutazunguka. Tumekuja kuzungumzia kitu ambacho karibu kila nyumba inacho au imewahi kuwa nacho: chupa ya dawa ya kikohozi na vidonge vya mafua.

Wengi wetu tunazijua dawa hizi kwa jina la dawa baridi, yaani dawa ambazo mtu anaruhusiwa kuzinunua bila cheti cha daktari. Hata maduka yaliyokuwa yakiziuza yaliitwa maduka ya dawa baridi, kabla ya mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ulioanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kuenea nchini. Jina hilo lilikusudiwa kuzitenga na dawa zinazohitaji cheti. Lakini jina huweza kumfundisha mtu jambo ambalo halikukusudiwa. Tukisikia neno "baridi", tunaelewa "isiyo na madhara". Ndipo mzazi anapompa mtoto vijiko viwili badala ya kimoja ili apone upesi, au mtu mzima anapomeza vidonge vya aina mbili kwa pamoja, au jirani anapoazima chupa iliyobaki kwa jirani mwenzake.

Neno moja tunaloomba mwondoke nalo leo ni hili: dawa baridi nayo ni dawa. Ina kazi yake, ina mipaka yake, na ina watu wake. Ikipewa kazi isiyo yake, au ikimfikia asiyestahili kuitumia, inaweza kuleta msiba ndani ya nyumba.

Kamasi na makohozi hutoka wapi

Tuanze na mwili wenyewe. Pua na njia za hewa zimetandikwa ngozi laini yenye unyevunyevu. Unyevu huo hunasa vumbi na vijidudu kabla havijafika ndani ya mapafu. Mtu akishikwa na mafua, ngozi hiyo huvimba kwa sababu damu nyingi huletwa mahali pale, na ute huongezeka. Puani tunauita kamasi. Kifuani tunauita makohozi. Kukohoa ni njia ya mwili ya kuyasukuma makohozi nje.

Kwa hiyo pua kuziba na kifua kubana ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Chanzo chake kinaweza kuwa mafua ya kawaida, ambayo huletwa na virusi na mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kubaki kwa muda zaidi. Kinaweza kuwa vumbi la kiangazi, ambalo ninyi wa Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima mnalijua vizuri kuliko sisi. Kinaweza kuwa moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Kinaweza kuwa pumu. Na kinaweza kuwa nimonia au kifua kikuu. Dawa baridi haitofautishi kati ya hayo yote. Hupunguza usumbufu kwa saa chache, nacho chanzo kikabaki palepale.

Kazi mbili, dawa mbili

Dawa tunazozizungumzia ni za makundi mawili, na ni vyema kujua lipi hufanya nini. Majina tutakayoyataja tumeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye kasha mtayakuta kwa tahajia ya kigeni, lakini sauti zake zinakaribiana. Hakikisheni kwa mtoa dawa.

Kundi la kwanza ni dawa za kulainisha makohozi. Humo mna gwaifenesini, ambroksoli na bromheksini. Hizi hukusudiwa kuyafanya makohozi yawe mepesi ili yatoke kwa urahisi mtu anapokohoa. Nafuu yake si kubwa kama matangazo yanavyosema, na tafiti hazikubaliani kwa kila jambo juu yake. Asiyekunywa maji ya kutosha asitegemee makubwa kutoka kwenye chupa. Tena, dawa hizi hazizuii kikohozi. Zipo dawa nyingine, kama dekstromethofani, ambazo kazi yake ni kukituliza kikohozi kikavu. Mtu mwenye makohozi mengi akinywa dawa ya kuyalainisha, kisha akanywa na ya kuzuia kikohozi, anayalegeza makohozi na papo hapo anayafungia njia ya kutokea.

Kundi la pili ni dawa za kuzibua pua. Hizi hufanya kazi kwa kuibana mishipa midogo ya damu iliyovimba puani. Mishipa ikisinyaa, njia ya hewa hufunguka. Zipo za kumeza, kama pseudoefedrini na fenilefrini, na zipo za matone au za kupuliza puani, kama oksimetazolini na ksailometazolini.

Kuhusu fenilefrini ya kumeza, kuna jambo ambalo mnunuzi anastahili kulijua. Septemba 2023, jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipima ushahidi uliopo na kukubaliana kwa kauli moja kwamba dawa hiyo ikimezwa kwa kipimo cha kawaida haizibui pua. Novemba 2024 mamlaka hiyo ilipendekeza iondolewe katika orodha ya dawa za mafua zinazouzwa huko bila cheti. Hoja haikuwa kwamba ina sumu. Hoja ilikuwa kwamba mnunuzi analipia nafuu asiyoipata. Kwa hiyo mtu akimeza kidonge cha aina hiyo na pua ikabaki imeziba, asidhani kwamba kipimo kilikuwa kidogo, akaongeza.

Nayo matone ya puani yana tabia yake. Hufungua pua haraka, na hapo ndipo penye mtego. Yakitumiwa mfululizo kupita siku 3 hivi, pua huanza kuyazoea. Kila yakiisha nguvu, uvimbe hurudi kwa kishindo, na mtu hutia tena. Mgonjwa huamini kwamba mafua yake hayaponi, kumbe sasa ni dawa yenyewe inayomziba pua. Fuateni siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, kisha mwache.

Dawa isitumike kununua muda

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuje. Tuchukue mfano. Tumeutunga, lakini wahudumu wa afya watawaambia kwamba watu wake wanawajua.

Mama mmoja ana mtoto wa miezi kumi. Mtoto anakohoa na pua imeziba. Baba yuko mnadani, zahanati iko mbali, nayo kazi ya shamba inamsubiri. Mama anapita dukani, anasema, "Nipe dawa ya kifua ya mtoto." Anapewa chupa. Siku ya kwanza mtoto analala vizuri, na mama anashukuru. Huenda usingizi ule umeletwa na klorfeniramini, ambayo huchanganywa katika dawa nyingi za mafua na husababisha usingizi. Siku ya pili mtoto ananyonya kidogo tu. Mama anasema dawa bado inafanya kazi. Siku ya tatu mtoto anapumua mbiombio na mbavu zinadidimia ndani kila anapovuta pumzi. Hiyo ni nimonia, na siku tatu zimekwisha kupita.

Hapana mtu wa kumlaumu mama huyu kwa kukosa upendo. Alimpenda mwanawe, akatoa fedha aliyokuwa nayo. Kosa lilikuwa kuipa dawa ya kupunguza usumbufu kazi ya kutibu ugonjwa. Nimonia inatibika, lakini hutibiwa kwa dawa nyingine, kwa kipimo kinachoamuliwa na mtaalamu baada ya kumwona mtoto, na kila siku inayopotea ina gharama yake.

Kuna kipimo ambacho kila mzazi anaweza kukitumia nyumbani, na hakihitaji chochote zaidi ya saa ya simu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua. Hesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima. Kifua kikiinuka na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni pumzi 50 au zaidi. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni pumzi 40 au zaidi. Mtoto wa mfano wetu angehesabiwa siku ya pili, huenda habari ingekuwa nyingine.

Msisubiri pia mkiona mojawapo ya haya: kifua kudidimia ndani mtoto anapovuta pumzi, mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kuwa mgumu wa kuamka, sauti ya kukoroma au ya mluzi anapovuta pumzi akiwa ametulia, midomo au ulimi kubadilika rangi na kuwa kama bluu. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na hata kama chupa bado imejaa.

Kwa watu wazima tuna jambo moja la kulisisitiza. Kikohozi kilichodumu kwa wiki 2 au zaidi kinahitaji kupimwa makohozi. Kikiambatana na homa za jioni, jasho jingi la usiku, kukonda au makohozi yenye damu, basi usingoje hata hizo wiki 2. Wapo watu waliobadilisha chupa moja baada ya nyingine kwa miezi mitatu, huku kifua kikuu kikiwaambukiza wenzao wanaolala nao chumba kimoja. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika nchi yetu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tunaongeza kwamba maradhi yanaweza kufichwa hata ndani ya chupa ya dawa.

Nani asinywe bila kuuliza

Tumesema dawa ina watu wake. Watoto ndio wa kwanza kuangaliwa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba watoto wa chini ya miaka 2 wasipewe dawa za kikohozi na mafua zinazouzwa bila cheti, kwa sababu ya madhara mazito yanayoweza kutokea. Mwaka 2009 Uingereza ilishauri zisitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 6. Ushauri wetu kwenu ni huu: mtoto wa chini ya miaka 2 msimpe kabisa dawa hizi kwa uamuzi wenu wenyewe, na wa chini ya miaka 6 msimpe bila kuonwa na mhudumu wa afya.

Wa pili ni wenye shinikizo la damu na wenye maradhi ya moyo. Dawa ya kumeza inayobana mishipa ya pua haichagui mishipa. Inaweza kuibana na mingine mwilini, shinikizo likapanda na moyo ukaenda mbio. Wenye kisukari, wenye matatizo ya tezi ya shingo, wenye presha ya macho, na wazee wetu wenye shida ya tezi dume wanaopata tabu kukojoa, nao waulize kwanza. Wajawazito waulize kwanza. Akina mama wanaonyonyesha wajue kwamba pseudoefedrini inaweza kupunguza maziwa.

Wa tatu ni yeyote anayetumia dawa nyingine. Vidonge vingi vya mafua ni mchanganyiko: ndani yake mna dawa ya pua, dawa ya usingizi, na mara nyingi parasetamoli. Mtu anameza kidonge cha mafua, kisha anasikia kichwa kinauma anaongeza vidonge viwili vya parasetamoli, bila kujua kwamba ameirudia dawa ile ile. Kwa mtu mzima, parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukijumlisha na ile iliyomo katika dawa ya mafua. Ikizidi huharibu ini, nalo ini haliumi siku ya kwanza.

Wa nne ni vijana wetu wa bodaboda, madereva, na wanaofanya kazi kwenye mashine za kuchambua pamba. Dawa ya mafua yenye kuleta usingizi haifai kwa mtu atakayeshika usukani au kusimama mbele ya mashine. Wala isichanganywe na pombe.

Kijiko si kimoja

Kwenye maelezo ya dawa za maji huandikwa mililita 5 au kijiko kimoja cha chai. Lakini vijiko vya nyumbani hutofautiana. Kimoja huchukua mililita 3, kingine 7. Kwa mtu mzima tofauti hiyo inaweza kuwa ndogo, kwa mtoto si ndogo. Tumieni kikombe au kijiko cha kupimia kilichomo ndani ya kasha. Kama hakimo, ombeni bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za mililita. Ukisahau kumpa mgonjwa dawa kwa wakati, usimpe mara mbili ili kufidia.

Namba ndogo kwenye kasha

Hadi hapa tumezungumzia dawa nzuri inayotumiwa vibaya. Lipo jambo la pili: dawa iliyoharibika kabla haijamfikia mtumiaji.

Dawa za maji hutengenezwa kwa kuyeyusha kiambato katika vimiminika kama gliserini, sobitoli au propilini glaikoli. Vimiminika hivi ni salama vikiwa safi. Vipo vingine vinavyofanana navyo kwa macho na kwa ladha tamu, navyo ni daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, ambavyo hutumika viwandani katika maji ya breki na ya kupozea injini. Vikiingia katika dawa, kwa uzembe au kwa tamaa ya bei nafuu, huua figo. Mtoto huanza kuumwa tumbo, kutapika na kuharisha, kisha mkojo unakatika.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1937 huko Marekani watu zaidi ya 100 walikufa kwa dawa ya maji iliyoyeyushwa katika daiethilini glaikoli, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikatunga sheria ya kutaka usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa. Hata hivyo somo halikuisha. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia, ambako takriban watoto 70 walipoteza maisha kwa figo kushindwa kazi. Zikafuata habari za Indonesia na Uzbekistan. Januari 2023, shirika hilo lilisema vifo katika nchi hizo tatu vimezidi 300, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5.

Msiseme Gambia ni mbali. Aprili 2024, maabara ya mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba imekuta kiwango kikubwa cha daiethilini glaikoli katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto iitwayo Benylin Paediatric, toleo namba 329304, iliyotengenezwa Afrika Kusini Mei 2021. Mtengenezaji alisema kwamba vipimo vyake havikuonyesha sumu hiyo. Lakini pale uhai wa watoto unapohusika, tahadhari hutangulia mabishano. Mwezi huo huo nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, ziliagiza toleo hilo liondolewe sokoni.

Angalieni vizuri jambo lililotajwa katika tangazo lile. Halikuhusu kila chupa yenye jina hilo. Lilihusu toleo moja, lenye namba moja. Toleo ni dawa zote zilizotengenezwa pamoja katika mkupuo mmoja, na namba yake hupigwa chapa kwenye kasha na kwenye chupa, karibu na tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Aliyekuwa na chupa nyumbani na kasha lake, aliweza kujua kwa kutazama mara moja kama mwanawe yuko salama. Aliyetupa kasha na chupa yake imefutika maandishi hakuwa na la kufanya ila kuhangaika.

Kwa hiyo tunawaomba: msitupe kasha hadi dawa iishe na mgonjwa apone. Mkiweza, lipigeni picha kwa simu. Namba ile ndogo ndiyo inayotuwezesha sisi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kuifuata dawa kutoka nyumbani kwako hadi dukani, ghalani na kiwandani. Bila namba hiyo, malalamiko yako yanabaki kuwa simulizi.

Kununua kwa macho

Nunueni dawa katika famasi au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali kilichobandikwa mahali panapoonekana, na lenye mtoa dawa aliyepata mafunzo. Msinunue dawa mnadani kutoka kwa anayeitembeza kwenye begi, wala ndani ya basi, wala kwa aliyeianika juani pamoja na betri na viberiti. Dawa nyingi huandikwa kwamba zihifadhiwe katika joto lisilozidi nyuzi 30. Mnajua wenyewe joto la mchana wa Septemba chini ya turubai.

Ombeni dawa ikiwa katika kasha lake, yenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa, yenye maelezo katika lugha mnayoielewa. Msikubali dawa ya maji iliyomiminwa katika chupa ya soda. Tazameni tarehe ya mwisho. Ombeni risiti.

Na mkifika dirishani, badala ya kusema "nipe dawa ya kifua", semeni mambo manne: mgonjwa ni nani na ana umri gani, ameumwa siku ngapi, ana ugonjwa gani mwingine au ana ujauzito, na anatumia dawa gani nyingine. Mtoa dawa mwema ataweza kuwajibu, "Hii haikufai," au "Mpeleke zahanati." Msimkasirikie. Amekosa mauzo kwa ajili yenu.

Tena, msimlazimishe awape antibayotiki. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Huwafundisha tu bakteria waliomo mwilini namna ya kuishinda siku itakapohitajika kweli.

Chupa zetu na dawa za pamba

Kabla ya kumaliza, tuseme neno kwa watu wa mkoa huu wa pamba. Lugha yetu huliita kwa jina moja lile linalomponya mtu na lile linaloua wadudu: vyote ni dawa. Neno moja si tatizo. Chupa moja ndiyo tatizo. Msiweke kamwe dawa ya kunyunyizia pamba katika chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Usiku, taa ikiwa hafifu na mtoto anakohoa, mkono huenda kwenye chupa unayoijua. Dawa za binadamu zikae juu, mahali pasipofikiwa na watoto. Za shamba zikae nje ya nyumba ya kulala, zimefungwa kwa kufuli.

Na kwa mafua ya kawaida, msidhani kwamba asiye na fedha ya chupa hana la kufanya. Maji ya kunywa ya kutosha, uji na supu vya uvuguvugu husaidia. Mtoto anyonyeshwe mara kwa mara. Maji yaliyochemshwa, yakapoa, yakatiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe cha mililita 250, yakitengenezwa upya kila siku, yanaweza kutiwa tone moja moja puani kabla ya mtoto kunyonya. Asali hutuliza koo, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kupooza. Msiwafukize watoto kwa sufuria ya maji yanayochemka. Mvuke haumsaidii mtoto kama tunavyodhani, na sufuria ikipinduka kidonda chake hubaki maisha yote. Jiko liwe na njia ya kutolea moshi.

Mtu akipata madhara baada ya kutumia dawa yoyote, kama vipele, kuvimba uso, moyo kwenda mbio, kushindwa kukojoa au kusinzia kupita kiasi, aache dawa hiyo, aende kituo cha afya haraka, na abebe kasha lake. Kisha atoe taarifa kwa mhudumu wa afya, au atupigie kwa namba ya bila malipo iliyochapwa kwenye jalada la kijitabu hiki. Kutoa taarifa si kumshtaki mwenye duka. Ni kumlinda jirani ambaye kesho atanunua chupa ya toleo lile lile.

Ndugu zetu, jioni ya leo mkifika nyumbani, fanyeni jambo moja dogo. Toeni dawa zote mlizonazo, mzitazame. Iliyopita tarehe, isiyo na maandishi, na ile msiyokumbuka ilikuwa ya nani, zitengeni, mzirudishe famasi au kituo cha afya mkaulize namna ya kuziteketeza. Msizimwage mtoni wala chooni. Itakayobaki, iwe na jina, kasha, na mtu wake.

Tunasubiri maswali yenu.